Vitu vya Kupita Mlangoni

Mvua ya masika imeshika, na Jumamosi ya mvua haifai kupaka vanishi. Inafaa kukaa na daftari na futi kamba, kupima chumba upya na kuandika mambo ambayo mpangaji wa Dar es Salaam huyakumbuka siku ya kuhama.

Kodi ya mji huu hulipwa kwa miezi 6 au mwaka mzima, na mkataba ukiisha mwenye nyumba naye ana mipango yake. Ndiyo maana kwangu kipimo cha kwanza cha samani ni upana wa mlango. Kitu kipite mlangoni, kishuke ngazi, kipandishwe kwenye kirikuu pamoja na godoro na mtungi wa gesi, na kikifika kiendako kisimame bila kuyumba. Mafundi wa Keko wanajua kazi yao, sina ugomvi nao, lakini kochi la watu watatu lililogongwa likawa kipande kimoja ni la mtu mwenye nyumba yake. Mpangaji wa chumba na sebule anahitaji vitu vya bolti.

Anza na benchi. La sentimita 120 linakaliwa na watu wazima wawili kwa raha, watatu kwa kubanana, na chini yake viatu vinapata kwao. Mbao zake ni tatu tu, zote paini za futi 12: mbili za inchi mbili kwa mbili, na moja ya inchi moja kwa sita. Zipigwe randa kwenye mashine pale pale unaponunua. Mbili kwa mbili ikitoka randani hubaki na kama sentimita 4.5 kila upande, na vipimo vyote hapa chini vinafuata hiyo. Yako ikitoka na 4.2, rekebisha hesabu kabla hujashika msumeno.

Muuzaji atakwambia, "Kavu hii, bosi." Pengine ni kavu, lakini paini nyingi inayoshushwa mjini kutoka Mafinga na Njombe bado ina maji. Shika mbao mbili za kipimo kimoja, moja kila mkono. Iliyo nzito zaidi ina maji zaidi. Kisha omba msumari, upige kidogo kwenye ncha. Ukiona unyevu unachuruzika kuzunguka msumari, mbao hiyo itapinda ndani ya nyumba yako. Hata ile inayoonekana kavu ilaze nyumbani wiki 3 kivulini penye upepo, ukiweka vijiti vya unene mmoja kati ya mbao na mbao kila baada ya nusu mita, na matofali mawili matatu juu yake. Msimu huu wa mvua ongeza muda. Angalia pia vitundu vidogo vinavyomwaga unga: hao ni bungua, na ukiwaingiza ndani hawataishia kwenye benchi. Mbao ya kijani iliyotiwa dawa kwa ajili ya paa iache huko huko juu. Haifai kwa meza ya chakula wala ubao wa kukatia mboga, na vipande vyake visichomwe jikoni kamwe, moshi wake ni sumu.

Kutoka mbili kwa mbili ya kwanza kata vipande vitatu vya sentimita 117. Viwili vitabeba sehemu ya kukalia, cha tatu kitakaza miguu kwa chini. Ya pili itoe miguu minne ya sentimita 42 na vipande vinne vya sentimita 31 vya kuunganisha miguu hiyo. Moja kwa sita igawe vipande vinane vya sentimita 44, ndivyo vya kukalia. Futi 12 ni sentimita 366, na vinane vya 44 vinakula 352, kwa hiyo kinachobaki ni cha msumeno na ncha zilizopasuka. Pima kipande, kata, ndipo upime kinachofuata. Ukichora alama zote kwa mkupuo, unga wa msumeno unajumlishwa na kipande cha mwisho kinatoka kifupi.

Kila upande wa benchi ni fremu ya miguu miwili yenye vipande viwili vya 31 katikati. Cha chini kikae sentimita 10 kutoka sakafuni. Cha juu ndicho cha kuangaliwa sana: uso wake ushuke sentimita 4.5 kutoka ncha ya mguu, yaani unene wa mbao yenyewe. Hapo mbao ndefu ya 117 inalala juu yake, upande wa ndani wa mguu, na juu panakuwa sawa. Uzito wa anayekaa unabebwa na mbao juu ya mbao, bolti kazi yake ni kushikilia. Benchi lililoning'inizwa kwenye bolti tupu huanza vizuri, kisha matundu yanatanuka na kila anayekaa analisikia likilia.

Fremu zenyewe funga kwa gundi ya mbao na skrubu za inchi 4, mbili kila kiungo, moja juu kidogo na nyingine chini kidogo. Urefu huo una sababu: skrubu inaingia kwenye ncha ya kipande, ambako nyuzi za mbao hazishiki vizuri. Toboa kwanza kwa drili ya milimita 3, maana paini inapasuka ukiilazimisha. Zile skrubu nyeusi za jipsamu ziache kwenye dari. Ni rahisi kukatika kichwa, na hewa yetu yenye chumvi inazila kutu mapema. Nunua zilizopakwa zinki.

Mbao ndefu mbili za juu ndizo zinafungwa kwa bolti: za milimita 6, urefu sentimita 12, mbili kila kiungo. Ya sentimita 10 inatosha kwa hesabu ya daftarini, ila washa, vile vipete bapa vya chuma vya chini ya nati na kichwa cha bolti, zikishaingia haibakizi uzi wa nati. Bolti hizo mbili zikae mshazari, moja karibu na kona ya juu, nyingine karibu na kona ya chini ya upande wa pili. Ukiweka moja tu katikati umetengeneza mhimili, na benchi litakuwa linainama kulia na kushoto hata ukaze vipi. Mbao ya tatu ya 117 ilaze juu ya vile vipande vya chini, katikati, kwa bolti moja kila mwisho. Jumla bolti 10, nati 10, washa 20. Gerezani na Kariakoo zimejaa.

Vipande vinane vya kukalia vipangwe kwa kukatisha, nafasi ya sentimita 1 kati yao, kila kimoja skrubu nne za inchi 2 kuingia kwenye zile mbao ndefu. Kisifungwe kwenye ncha ya mguu hata kimoja. Siku ya kuhama unalegeza bolti na benchi linakuwa vipande vinne bapa vinavyosimama nyuma ya godoro. Baada ya mwezi wa kwanza kaza nati tena, kwa sababu mbao ikiendelea kukauka inasinyaa na bolti inabaki na nafasi.

Msasa: namba 80, kisha 120, kisha 220, kufuata nyuzi. Vanishi mkono wa kwanza ichanganywe na tina kidogo, kama sehemu moja kwa kumi, inywewe na mbao. Mikono miwili inayofuata iwe ya kawaida, na msasa wa 220 upite kijuujuu katikati. Ukipaka hewa ikiwa nzito ya mvua, vanishi inakawia kukauka na inaweza kuingia weupe kama ukungu. Subiri siku ya jua, uanze saa tatu asubuhi umande ukishatoka, umalize kabla ya saa kumi. Chini ya kila mguu gundisha kipande cha kandambili iliyochakaa. Maji ya kudeki ndiyo huozesha miguu ya samani zetu, na unyevu ule ule ndio mchwa wanaoutafuta.

Bustani nayo ifuate sheria ya mlango, yaani kila mmea uwe ndani ya kitu chenye mkono wa kushika. Ndoo za lita 20 zilizokuwa za mafuta ya kula zinafaa kuliko za rangi. Ikijaa udongo uliolowa, ndoo moja hupita kilo 20 kwa urahisi, kwa hiyo kwenye kibaraza cha ghorofani zipange kufuata ukuta, zisirundikane ukingoni. Toboa matundu sita hadi nane ya sentimita 1 ubavuni, kama sentimita 3 kutoka chini. Hicho kina kidogo kinabaki na akiba ya maji, na Januari na Februari utaishukuru.

Udongo wa Dar ni mchanga mwingi, maji yanapita na mbolea nayo inapita. Changanya sehemu mbili za udongo mweusi, moja ya samadi na moja ya makapi ya mpunga. Samadi ya kuku isitumike mbichi, inaunguza mizizi. Ilundike, ilowanishwe, ifunikwe, igeuzwe kila wiki hadi isinuke tena, na hilo huchukua miezi miwili hivi.

Nikichagua mboga moja kwa mpangaji wa mji huu, ni matembele. Joto haliyasumbui, udongo hafifu yanauvumilia, na mbegu ni marando ya bure kutoka kwa jirani: kata ya sentimita 25, ondoa majani ya chini, fukia nusu, manne kwa ndoo. Baada ya wiki 5 au 6 unaanza kuchuma ncha, na kadiri unavyochuma ndivyo yanavyochipua. Mchicha ni wa haraka zaidi, wiki 3 hadi 4, ila ukishang'oa unapanda upya. Bamia mmoja kwa ndoo. Nyanya ni majaribu: mnyauko, kantangaze (yule kiwavi wa nyanya), jua, na mwisho unavuna za kachumbari moja. Zinunue sokoni.

Ukiona kingo za majani zinakauka kahawia huku udongo umelowa, na juu ya udongo kuna utando mweupe, kosa liko kwenye maji. Visima vingi vya Dar vina chumvi. Weka ndoo nje wakati wa mvua kubwa udongo uoshwe, au mwagia maji ya bomba mengi yapite hadi yatoke chini. Maji ya kuoshea mchele na mboga ni mazuri pia. Ya sabuni ya unga, hapana. Vidukari wakijikusanya chini ya majani, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita 1 ya maji, nyunyiza jioni kwa kulenga chini ya jani, rudia baada ya siku 4, na suuza kabla ya kupika.

Na sahani za chini ya ndoo zijazwe mchanga. Mji huu ulipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019, na mbu anayeieneza hataki mtaro mchafu. Anataka maji matulivu kama hayo ya kisahani, na kutoka yai hadi mbu anayeruka ni wiki moja na kitu. Pipa la kukingia mvua nalo lifunikwe kwa kitambaa kilichokazwa.

Chakula cha usiku kinachotoka kwenye ndoo hizo ni matembele ya nazi na dagaa. Kwa watu watatu: majani ya kujaza sufuria ya wastani (yatanywea yabaki robo), dagaa kikombe kimoja na nusu, kitunguu kikubwa, nyanya mbili, nazi moja. Kama mfuko unaruhusu chukua dagaa wa Kigoma, wana mchanga mchache. Wa Mwanza watoe vichwa, waloweke kwenye maji ya moto dakika 5, waoshe mpaka maji yasiache mchanga chini ya bakuli. Kamua tui zito kikombe kimoja, kisha jepesi vikombe viwili.

Kaanga dagaa kwenye mafuta kidogo dakika 3 au 4, harufu ikate, uwatoe. Sufuria hiyo hiyo weka kitunguu, nyanya na chumvi hadi nyanya zilainike. Mimina tui jepesi, likichemka tia matembele yaliyokatwakatwa, acha wazi dakika 10. Ukifunika, majani yanakuwa meusi. Rudisha dagaa, punguza moto, mimina tui zito huku ukikoroga bila kuacha hadi lianze kuchemka taratibu, kisha dakika 5 nyingine. Moto mkali hapo mwishoni unakata tui, unabaki na mafuta juu na maji chini. Ndimu kamulia sahanini, kwa sababu tindikali nayo inalikata tui.

Kwenye jiko la plate moja ugali usongwe mwisho, mboga ikiwa imefunikwa pembeni. Mboga inavumilia nusu saa, ugali hauvumilii. Asiye na friji apike ya kumalizika usiku huo: kwa joto letu tui linachacha kabla ya asubuhi.