Njuga za Mei Mosi
Dada mmoja wa Mombasa, tuliyepanga naye nyumba moja Oxford, alinigongea mlango saa kumi alfajiri. "Kaka, amka! Ukichelewa tutasikilizia nyuma huko." Nikavaa sweta mbili, nikasahau soksi, tukashika njia kuelekea chuo cha Magdalen. (Huandikwa Magdalen, hutamkwa Modlin. Nilishachekwa vya kutosha kwa hilo.)

Mei Mosi niliyoikulia mimi Dodoma ni ya wafanyakazi: fulana mpya, mabango, hotuba juani. Ya Oxford ni ya kuyapokea majira ya machipuko. Mnara wa chuo, wa mita 44, ulikamilika mwaka 1509, na kwa karne nyingi sasa kwaya hupanda juu yake kila tarehe 1 Mei. Wimbo wa Kilatini wanaoanza nao ni wa karne ya 17.

Tulikuta umati umeshajaa. Vijana waliokesha kwenye dansi walikuwa bado na suti na magauni marefu, viatu mkononi, meno yakigongana kwa baridi. Darajani kulikuwa na walinzi, maana wapo wanaojirusha mtoni. Mwaka 2005 maji yalikuwa machache na watu wakaumia.

Saa kumi na mbili ikagonga. Maelfu ya watu, kimya. Uzi mwembamba wa sauti za watoto ukashuka, upepo ukauchukua, ukarudi, ukapotea. Mwenzangu akaninong'oneza, "Ndiyo hiyo tu?" Mara kengele za mnarani zikaanza, hatukusikizana tena.

Tulikuwa tunatafuta chai niliposikia mlio ninaoujua. Chwa, chwa, chwa. Mzee wa Kizungu, rika la babu yangu, nguo nyeupe, leso mkononi, na chini ya magoti kafunga ngozi iliyoshonewa vikengele. Ngoma yao wanaiita Morris. Babu yangu, Mgogo, alikuwa na zake za chuma, nzito zaidi, zikining'inia nyuma ya mlango, na ole wake mtoto atakayezigusa.

Walipopumzika nikamwendea. Kwa Kiingereza shikamoo haipo, nikabaki kuinamisha kichwa tu. Nikamwambia kwetu hizo ni njuga.

"Ninjuga?"

"Njuga."

"Njuga," akasema, akakanyaga lami mara mbili, akizisikiliza.