Hii ratiba umempangia nani?

Saa sita kasoro usiku, laptop iko mapajani, na kwa mara ya sijui ngapi tangu Jumanne naisikia sauti ya shangazi, taratibu kabisa, wala hajafoka: "Hii ratiba umempangia nani, mwanangu?"

Maneno matano tu. Wiki hii dada kajifungua salama, mtoto wa kike, na mimi nimesaini ule mkataba wa kazi niliowalilia hapa tangu mwaka juzi, yote hayo yamepita kama vile yamemtokea mtu mwingine, ila haya matano ndo yamekaa.

Ilikuwa hivi. Baada ya darasa la Jumanne nikamletea ratiba ya kambi yetu ya yoga ya Rishikesh, kule India, nimeichapisha kwenye karatasi kabisa maana mnajua hapendi kusomea kwenye simu. Akavaa miwani, akaweka kidole juu ya mstari wa kwanza, akawa anashuka nacho. Saa kumi na mbili asubuhi kutafakari, kidole kikapita. Saa moja na nusu chai, kikapita. Saa nne asubuhi mazoezi ya kusimama, dakika tisini, juu ya paa. Kikasimama. Kikashuka tena mpaka saa tisa alasiri, matembezi kwenda mtoni, halafu kikarudi juu pale pale kwenye saa nne.

"Huko mwezi wa sita joto linafika ngapi?"

"Arobaini hivi shangazi, siku nyingine linapita."

"Na saa nne tuko juu ya paa."

"Paa lina turubai."

Hapo ndo akaniuliza. Na mimi nikajibu haraka haraka, "Sisi sote shangazi, nimetupangia sote." Hakubisha. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye mkoba, akaniuliza mtoto wa dada amefanana na nani.

Ni huo mkunjo wa karatasi unaoniuma kuliko hata swali lenyewe. Angebisha ningebishana naye, yakaisha. Tangu siku ile nimeshamjibu kichwani kwa namna ishirini, nikiwa bafuni, nikiwa kwenye foleni, nikiwa wodini nimempakata mtoto wa dada. Namwambia shangazi, tarehe sikuchagua mimi, tuko watu kumi na wanne na karibu nusu ni walimu, likizo yetu ni Juni, tufanyeje. Wenye nafasi ya kuchagua huwa hawaendi Juni, lile tamasha kubwa la yoga la Rishikesh kila mwaka linafanyika Machi, hata The Beatles, wale wanamuziki wa Uingereza, mwaka 1968 walifika kule Februari, na kufikia katikati ya Aprili wote walikuwa wameshaondoka. Sisi tunakwenda tarehe 14 mpaka 22 Juni kwa sababu ndo tunayoweza, na kwa sababu ya tarehe 21, Siku ya Yoga Duniani, ambayo Umoja wa Mataifa uliipitisha Desemba 2014 na ikaanza kusherehekewa 2015. Ilichaguliwa tarehe hiyo kwa kuwa upande ule wa kaskazini mwa dunia ndo mchana mrefu kuliko yote wa mwaka. Mi nimeiota siku hiyo miaka mingi jamani, kuwa kando ya mto Ganges asubuhi ile, mikeka imepangwa, watu wote wanainua mikono pamoja.

Basi nilikuwa nimeumia, nasema ukweli. Tangu Januari nahangaika na pasipoti za watu na viza na nani analala na nani kwa sababu nani anakoroma, halafu mtu anaangalia karatasi dakika tatu anauliza swali la namna ile.

Ila swali halikuniacha, Jumatano usiku nikawaandikia tena wenye nyumba tutakayofikia, nikawauliza vyumba vina AC kweli? Mwezi wa pili walinijibu "vina". Safari hii nikaomba picha. Picha imekuja ya sanduku kubwa la bati limekaa dirishani, kumbe ni yale mafeni ya maji, yanavuta hewa ya nje inapita kwenye matandiko yaliyolowa ndo inaingia chumbani ikiwa imepoa. Si kitu kibaya, Mei kukiwa kukavu yanapoza vizuri tu. Lakini mwishoni mwa Juni mvua za masika ya kule zinakaribia, hewa inajaa unyevu, na hewa iliyojaa unyevu hainywi maji tena, kwa hiyo sanduku linakupulizia joto lenye majimaji usiku kucha. Sisi tunakwenda katikati hapo hapo. Watu kumi na wanne, na mimi ndo niliyewaambia kuna AC.

Alhamisi saa sita mchana nikapanda juu ya paa la hapa tunapokaa, na mkeka na kipimajoto. Thelathini na tatu kivulini. Thelathini na tatu tu! Nikaanza ile ile ratiba ya saa nne, salamu kwa jua raundi sita halafu mapozi ya kusimama. Raundi ya tatu mkeka ulishaanza kunuka mpira. Kwenye pozi la mbwa viganja vikawa vinateleza mbele polepole, sentimita kwa sentimita, jasho linatoka kwenye paji la uso linapita puani linadondoka, na kila tone lilikuwa linakaa pale kwenye mkeka halikauki. Nilitazama tone moja muda mrefu sana. Jasho linampoza mtu pale linapokauka mwilini, likidondoka tu limepotea bure, umetoa maji na chumvi hukupata kitu. Na hewa ikishapita joto la ngozi, ambalo ni kama 35, hata upepo unakuletea joto badala ya kukuondolea, ndo maana Shirika la Afya Duniani linasema ikifika arobaini usitegemee feni. Dakika ya ishirini na tano nilikaa chini, kichwa kinagonga. Nina miaka thelathini na sita na sinywi kidonge chochote.

Shangazi ana sitini na nne na anameza vidonge vya presha, vile vinavyokojoza, vinavyotoa maji mwilini. Mnamjua, ndo yule anayefanya mazoezi yote na kiti pale pembeni.

Nikabaki pale nimekaa kwenye kivuli cha tangi la maji, na nikaona kitu ambacho sikutaka kukiona. Ile saa nne niliiweka kwa ajili ya picha. Picha iliyoko kichwani mwangu, paa jeupe, milima nyuma, mto chini, miili imenyooka kwenye mwanga. Na kila nikiitazama ile picha vizuri shangazi hayumo. Hamna kiti hata kimoja.

Halafu kuna hili la mwili kuzoea joto, nililijua siku zote na sikuwahi kuliweka kwenye hesabu. Mwili unahitaji wiki moja mpaka mbili kujifunza, utoe jasho mapema zaidi, upunguze chumvi inayopotea, moyo usikimbie. Kambi yetu ni siku tisa! Yaani siku miili inaanza kuelewa ndo siku tunafunga mabegi. Kwa hiyo hakuna siku hata moja ya kujaribu nguvu, na siku tatu za mwanzo ndo za kuogopa zaidi, na mimi ndo nilikuwa nimezijaza kabisa eti watu wakiwa bado wana ari.

Ijumaa nimeifuta yote nikaanza upya. Kule Juni jua linachomoza kama saa kumi na moja na robo, mchana ni wa saa kumi na nne hivi, basi tunaamka gizani, saa kumi na moja kamili tuko kwenye mikeka na saa kumi na mbili na nusu tumemaliza kila kitu cha kusimama. Saa nne mpaka saa kumi jioni hakuna mtu nje, tunalala chali ukumbini tunafanya yoga nidra, anayesinzia asinzie. Kapalabhati na bhastrika, zile pumzi za haraka haraka za nguvu, nimezitoa kabisa, zinapasha mwili moto, tutazifanya tukirudi. Mtoni ni jioni tu, tukae kwenye ngazi tutie miguu, yale maji yanatoka kwenye barafu ya Himalaya yana ubaridi hata Juni, ila mkondo una nguvu kwa hiyo ni miguu na si zaidi. Kila mtu anayemeza dawa amuulize daktari wake kabla ya safari, asiache wala kupunguza kwa kichwa chake. Maji na chumvi pia, si maji matupu, kijiko kidogo nusu cha chumvi na sita vya sukari kwa lita moja. Na mtu akianza kuongea asivyoeleweka au kupepesuka, huyo hatumwambii apumzike kidogo, huyo ni kivulini, maji mwili mzima, hospitali. Na kwenye nyumba nimewaandikia, nataka ukumbi mmoja wenye AC ya kweli au tunahama, na nimeomba viti sita visivyo na mikono.

Leo nikampelekea shangazi karatasi mpya. Moyo unadunda kama mtoto anayepeleka daftari. Kidole kikashuka, kikashuka, hakikusimama mahali. Kilisimama mwisho kwenye neno sheetali.

"Hii ndo nini?"

Nikamwonyesha, unakunja ulimi kama mrija, unavuta hewa kupitia hapo inaingia ya baridi, unafunga mdomo unatoa kwa pua. Akajaribu. Ulimi wake haukunjiki, kuna watu ulimi haukunjiki kabisa, akajaribu tena mpaka miwani ikashuka puani. Nikamwambia basi fanya sitkari, unganisha meno, vuta hewa katikati ya meno. Akavuta, ikatoka ile sauti ya ssss ndefu, akafungua macho akaniangalia.

"Eh! Baridi kweli."

Akaivuta tena na tena, ameshika magoti, mabega yameshuka, na mimi nimekaa sakafuni mbele yake nalia na sikutaka aone. Aliona. Akasema, "Kitanda changu kiwe karibu na mlango, usiku huwa naamka." Akakunja karatasi mara mbili akaitia kwenye mkoba, mkunjo ule ule.

Sasa ningelala ila kaka hajibu. Picha ya mtoto nimemtumia tangu Alhamisi, ameiona, tiki za bluu zipo, na yeye ndo huwa wa kwanza kupiga simu na kelele zake. Leo nimempigia mara mbili, inaita mpaka inakata. Wifi naye anasema alitoka asubuhi yuko sawa, lakini alivyosema "yuko sawa" hakusema kama anavyosemaga.