Vijiko vya kuonja

Mtu akiniuliza nakula mara ngapi kwa siku, nitamjibu mara tatu, tena nikimtazama usoni, maana naamini ninachosema. Asubuhi chai na mkate, mchana chochote nilichobeba kwenda nacho kazini, usiku wali. Sahani yangu ya usiku ni ya kawaida kabisa, ndogo kuliko ya binti yangu mwenye miaka 12, aliyefika umri wa kula kama anajaza gunia. Ila suruali zangu zinatoa ushahidi mwingine. Mwezi uliopita kifungo cha ile ya kijivu kilichomoka nilipoinama kuokota kitunguu, kikagonga mlango wa kabati, kikaingia chini ya friji. Bado kiko huko.

Nikaanza kujiuliza hicho chakula kinapitia mlango gani.

Mpishi wa usiku nyumbani kwetu ni mimi. Mke wangu anatoka kazini usiku, anafika saa tatu, na watoto hawana subira ya mpaka saa tatu. Kwa hiyo saa kumi na moja na nusu nakuwa nimeshavaa aproni. Sipiki vya ajabu: maharage, viazi, mayai, tambi siku za uvivu, supu siku za mafua. Katika hivyo vyote, siku ya maharage ndiyo ninayoisubiri, na ndiyo inayonimaliza.

Maharage yanalowekwa tangu jana yake, maji yanamwagwa, yanachemshwa kwa maji mapya. Hilo la kuchemsha nalichukulia kwa uzito, kwa sababu mwaka fulani nilidokoa punje chache ambazo hazijaiva nikaishia kukumbatia ndoo usiku mzima. Maharage mekundu yana sumu yake ya asili, aina ya protini iitwayo lektini, na punje nne tano mbichi zinatosha kumtapisha mtu mzima. Inavunjwa na maji yanayotokota sawasawa, angalau dakika 10 za moto mkali, ndipo upunguze moto na kuyaacha yaive taratibu. Kwa hiyo katika hatua hiyo sionji kitu. Ni hatua pekee.

Kazi inaanza kwenye kuunga. Vitunguu viwili vikubwa, vimekatwa vyembamba, mafuta yamepata moto ila hayajatoa moshi. Mwanzoni vinapiga kelele, vinatoa maji, vinalegea. Wengi hapo subira huwaishia, wanatumbukiza nyanya. Mimi nangoja. Maji yakikauka sauti inageuka: ule mlio wa mvua juu ya bati unapungua, unabaki mchakacho mkavu, mdogo, kama mtu anakunja karatasi chumba cha pili. Kingo zinaanza kuwa za kahawia. Mchezo huo wa rangi na harufu unaitwa kwa jina la mkemia Mfaransa, Louis-Camille Maillard, aliyeueleza mwaka 1912: sukari na vijenzi vya protini vinakutana kwenye joto, vinazaa ladha na harufu ambazo kitunguu kibichi hakikuwa nazo. Mimi niliijua kama harufu inayowatoa watoto vyumbani bila kuitwa.

Na hapo ndipo kijiko cha kwanza kinapoingia. Vitunguu vitupu. Nadai naangalia kama vimeiva, ingawa macho yangu hayana kasoro na vimeiva vinaonekana.

Kiswahili kina neno la kitendo hiki, na si neno la heshima: kudokoa. Mtoto akidokoa anafukuzwa jikoni. Mpishi akidokoa, anaonja.

Nyanya zikishapondeka naonja, kujua uchachu. Maharage yakiingia naonja, kujua chumvi. Tatizo ni kwamba chakula kinachotoka motoni kinaunguza ulimi, na ulimi ulioungua haujui chumvi, kwa hiyo jibu la kijiko hicho haliaminiki, inabidi kiwepo kingine kilichopulizwa kikapoa. Nikiongeza chumvi lazima nijue imefanya nini. Kisha ile chumvi inahitaji dakika kadhaa ikolee, na baada ya dakika kadhaa mtu mwangalifu hawezi kukaa bila kuhakiki. Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja, na hao walikuwa wanazungumzia asali tu. Hawakuwahi kukutana na mchuzi wangu wa maharage ukiwa umeanza kuwa mzito.

Kuna mwenzangu kazini ambaye kila nikilalamika kuhusu tumbo ananitazama kwa mshangao. "Wewe si unapika mwenyewe? Chakula cha nyumbani hakinenepeshi." Na ana pa kusimamia. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake, wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lao: watu 20 walikaa mwezi mmoja kwenye kituo chao wakila humo humo, wiki mbili vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida visivyopita mikono mingi, wakiruhusiwa kula watakavyo. Kwenye vile vya viwandani walikula takribani kalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka uzito. Kwenye vile vingine wakapungua. Sina ubishi nalo. Ila nililisoma mara mbili nikitafuta kitu kimoja, nikakiona: wale watu 20 hawakupika. Waliletewa. Sahani ilikuja mezani ikiwa imeshapimwa, na hakuna hata mmoja wao aliyesimama saa nzima mbele ya sufuria ameshika mwiko.

Turudi jikoni. Wali nao una mtego wake, uko chini kabisa. Ukishapakua, ukoko unabaki umeng'ang'ania sufuria. Nina ustadi wa kuung'oa: nanyunyiza kijiko kimoja cha mchuzi pembeni, nafunika dakika mbili, mvuke unaulegeza, kisha napitisha mwiko kutoka ukingoni kuelekea katikati polepole, kama mtu anayefungua bahasha ambayo anataka kuitumia tena. Ukiwa na bahati unanyanyuka mzima, wa dhahabu upande wa chini na mweupe upande wa juu, na ukiuvunja unalia. Watoto hawautaki, wanasema unaumiza meno. Sijafanya juhudi yoyote kuwashawishi.

Halafu kuna kinachobaki. Mchele unavimba kama mara tatu. Kikombe kimoja kinatoa karibu vikombe vitatu vya wali. Hesabu naijua vizuri. Lakini mkono wangu ukishapima vikombe viwili unarudi kwenye mfuko na kuchota kiganja kimoja zaidi, kiganja cha hofu, chakula kisije kikapungua. Miaka yote hiyo hakijawahi kupungua. Kile kiganja kikiiva ndicho kinachonitazama kila usiku kutoka kwenye sufuria, na ni kipimo cha uchokozi: kidogo mno kuhifadhiwa, kingi mno kutupwa. Kingefika sahani nzima kingeitwa kiporo, kesho ningekipasha moto kwa heshima zake zote. Zingekuwa punje tatu ningesuuza sufuria nikalale.

Hapo huwa najitetea kwa sayansi. Wali una bakteria wake, Bacillus cereus, ambao mbegu zao hustahimili maji yanayochemka. Wali ukiachwa kwenye joto la chumba mbegu zinaamka, zinazaliana, na zinaweza kutoa sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Kwa hiyo wali uliobaki unatakiwa upoe upesi na uingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili. Yote hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba friji iko hatua mbili kutoka ninaposimama, ina nafasi, na ndani ya kabati la juu yake kuna vibakuli vyenye vifuniko. Mimi nakula wali kwa mwiko, nimesimama, taa ya sebuleni imeshazimwa, ili familia isidhurike.

Jumanne iliyopita binti yangu alikuwa anafanya hesabu kwenye meza ya jikoni. Bila kuinua kichwa akasema, "Baba, hicho ni cha tano."

"Cha tano nini?"

"Kijiko."

Nikamweleza kwamba kuonja ni sehemu ya upishi, kwamba mpishi asiyeonja ni sawa na dereva aliyefumba macho. Akasikiliza, kisha akaleta bakuli jeupe, lile la supu, akaliweka kando ya jiko. Akasema kila nikionja kijiko, nitie na kingine sawa na hicho kwenye bakuli. Si adhabu, ni kipimo tu. Wanafundishwa mambo ya vipimo shuleni mwaka huu.

Nikakubali kwa kiburi. Nikarudisha na vile vitano kwanza, kwa uaminifu, cha vitunguu nikikikadiria. Baada ya hapo kila kijiko kilichoingia mdomoni kilikuwa na pacha wake. Nilitazamia kwamba kwa kutazamwa nitajizuia. Nilijizuia kama dakika 10. Tulipofika kumi na moja nikaacha kuhesabu kwa sauti. Ukoko akaudai nusu, akauvunja mwenyewe kwa haki, nusu kinywani kwangu, nusu kwenye bakuli. Tukakaa mezani, nikala sahani yangu ya kawaida, na baada ya kula lile salio la kiganja cha hofu nalo likagawanywa kati yangu na bakuli.

Bakuli lilikuwa limejaa. Maharage chini, wali juu, kipande cha ukoko kimesimama pembeni kama mtu aliyealikwa kwenye picha. Ukikiona bila kuambiwa ungesema ni chakula cha mtu, kimepangwa kwa upendo. Nikakifunika kwa kisahani, nikakiacha pale pale, nikaenda kujilaza sebuleni kwa ubavu wa kushoto, ambao kiungulia huwa kinauogopa kidogo.

Nikiwa pale nikawa nafikiria kwa nini siku zote sikujua. Tumbo linajua. Linapotanuka neva zinapeleka habari kwenye ubongo, utumbo nao unatoa homoni zake za kusema basi. Ila safari hiyo ina muda wake, wanasema dakika 20 hivi, ndiyo maana mtu anashauriwa kula taratibu. Mimi nakula taratibu kuliko wote. Naanza saa kumi na mbili namaliza saa mbili na nusu. Shida ni kwamba katika muda wote huo hakuna dakika ambayo ningeweza kusema nimeanza kula, kwa hiyo habari ya shibe ikifika haimkuti mwenyewe.

Tena kuna lile aliloandika mtafiti Barbara Rolls na wenzake mwaka 1981: hamu ya chakula ulichokwisha kukila inashuka kuliko hamu ya chakula ambacho hujakigusa. Ndiyo maana aliyeshiba wali bado ana pa kuweka keki. Anayekaa mezani anakutana na maharage yangu mara moja, yakiwa maharage, na ulimi unayazoea. Mimi nimeyala yakiwa vitunguu vya kahawia, nikayala yakiwa nyanya chachu, yakiwa mchuzi mwepesi, yakiwa mchuzi mzito, kisha yakiwa harufu iliyonasa kwenye ukoko. Ulimi wangu haukupata hata nafasi ya kuchoka. Kila baada ya dakika tano niliupelekea chakula kipya kutoka sufuria ile ile.

Mke wangu akaingia saa tatu na robo. Sahani yake ilikuwa mezani, imefunikwa kama kawaida, nimempakulia kabla hatujaanza kula. Nilimsikia anavua viatu, ananawa, anafunua kitu, kisha kimya cha mtu mwenye njaa. Nilipokwenda jikoni nilimkuta amesimama kando ya jiko, anakwangua bakuli jeupe.

"Leo umenipimia vizuri," akasema. "Na ukoko umenikumbuka. Nimeshiba kabisa."

Binti yangu alikuwa mlangoni na daftari lake. Sikumwangalia.

"Na ile sahani pale mezani ya nani?" mke wangu akauliza.

Nikamwambia ni ya ziada tu, nitaiweka kwenye friji. Na niliiweka kweli, baada ya kuionja kidogo kuhakikisha haijachacha.