Nilivyopima gasketi ya mlango wa friza, mara ya kwanza nikajidanganya mwenyewe

Mimi fundi friji hapa Dar, kazi zangu nyingi ni koldrumu, yaani vyumba vya baridi vya samaki. Kuna mteja mlango wake ulinitesa sana, naweka gasketi mpya, ule mpira wa kuziba pembeni mwa mlango, mwezi haujaisha barafu imejaa pembeni, kompresa haipumziki, na lawama zote kwa fundi si unajua. Ila ile gasketi ukiishika mezani laini kabisa, inanesa vizuri tu, ndo nikasema hapa mchawi ni baridi.

Nikachukua aina tatu, ile nyeusi wanayotuuzia dukani eti ya kila kazi, mpira wa kuzuia oili, na silikoni. Nikakata vipande vya unene wa milimita 10, kila kimoja nikakibana kati ya vibati viwili kwa bolti na nati mpaka kikabaki 7 na nusu, nikavitia kwenye friza, nyuzi 22 chini ya sifuri, nikaenda kulala.

Asubuhi nikavitoa, nikaanza kutafuta spana, kuja kufungua vyote vimerudi freshi! Nikafurahi kama dakika mbili hivi, halafu nikaona vibati vinatoka jasho. Kumbe na joto letu hili mpira ulishapoteza ubaridi wake kabla sijagusa nati, yaani nimepima mpira wa mezani tena.

Usiku wa pili spana nayo nikailaza humo humo frizani. Asubuhi nikavaa glavu, nikafungulia ndani. Silikoni ikaruka juu hapo hapo, karibu 10 yote. Ile nyeusi ikabaki 8, ngumu kama ubao, ya oili ndo kabisa haijatikisika. Nilipoviweka mezani vikaanza kuinuka taratibu huku naviangalia, kama donge la mandazi.

Wazo la kubana sikulitunga mimi, mwaka 1986 baada ya chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kulipuka, mwanafizikia Richard Feynman alibana kipande cha mpira wa aina iliyotumika kwenye roketi zake, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu mbele ya watu, alipokiachia kikachelewa kurudi.

Silikoni nayo ina ubaya wake, inachanika kirahisi, vijana wakiburuza kreti juu yake imekwisha. Mteja akalalamika mbona bei kubwa, nikachomoa kile cheusi frizani nikamwambia haya kunja bosi. Kikagoma.