Siku niliyoswali Zaitun

Mimi mzaliwa wa Kilwa. Tangu utotoni nimeona vigae vya kaure ya Kichina vikiokotwa kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani. Kwa hiyo safari hii, nilipomaliza kufunga mzigo Guangzhou, Uchina, nikabakiwa na siku mbili, nilipanda treni ya mwendo kasi hadi Quanzhou, bandari ambayo Waarabu waliiita Zaitun. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika kwetu mwaka 1331, na miaka ya 1340 akashukia huko. Nilitaka kupaona.

Kichina sikijui. Kabla ya kuondoka nilimwomba dada wa mapokezi hotelini aniandikie kwa herufi zao jina la msikiti, jina la mtaa, na kwamba sili nguruwe. Karatasi ile ilinifaa kuliko simu. Kadi ya benki nilishaiunganisha na Alipay, programu ya kulipia kwa simu, tangu nyumbani, na hilo namsihi kila anayekwenda alifanye mapema, maana hata muuza maji anakuonyesha tu kibao cha kuskani.

Jioni nilitembea Mtaa wa Magharibi, penye hekalu la Kaiyuan na minara yake miwili ya mawe ya karne ya 13. Umati ulikuwa mkubwa mno: wasichana wamejipamba maua kichwani kama wanawake wa kijiji cha Xunpu, kila mmoja na mpiga picha wake. Panapendeza, ila huwezi kusimama ukatazama.

Asubuhi nikawahi Mtaa wa Tumen. Msikiti wa Qingjing uko pale kando ya barabara, umejengwa mwaka 400 Hijria, yaani 1009. Lango ni la mawe, refu, la matao. Ndani, ukumbi wa zamani hauna paa. Kuta zimesimama, aya zimechongwa kwenye mawe, na juu ni mbingu tupu. Nilihisi niko Kisiwani, ndani ya Msikiti Mkuu, pale paa lilipoanguka. Moshi wa ubani wa hekalu la jirani ulikuwa unapita juu ya ukuta.

Mzee mmoja alinitolea salamu, nikaitikia. Akaniuliza kwa mkono natoka wapi. Nikamwambia, "Tansangniya," neno nililofundishwa Guangzhou. Akanishika mkono hadi kwenye bomba la kutawadhia, akasubiri nimalize, tukaingia kuswali adhuhuri.