Nilivyomsoma Arthur Birling kwa kuanzia mezani

Insha yangu ya kwanza kuhusu Arthur Birling ilikuwa na neno "mbinafsi" mara kumi na moja. Nilihesabu baada ya kurudishiwa karatasi na kukuta mwalimu ameandika pembeni: "Umemhukumu. Utamsoma lini?"

Nilinuna siku mbili. Kwangu mimi mhusika huyu hakuwa wa kuchimbwa. Katika An Inspector Calls, tamthilia ya J. B. Priestley, Birling ni mwenye kiwanda katika mji wa kubuni wa Brumley, Uingereza, mwaka 1912. Familia imekaa mezani kusherehekea uchumba wa bintiye Sheila, yeye anahutubia na kujisifu, mara anaingia Inspekta Goole na habari za msichana aliyejiua, Eva Smith, ambaye Birling aliwahi kumfukuza kazi. Bepari katili na msichana fukara. Nini tena?

Hasira zilipotulia nilichukua daftari nikanakili maneno ya Birling peke yake, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila majibu ya wenzake. Inachosha, sidanganyi. Lakini kufikia ukurasa wa tatu nilianza kumsikia. Anamwambia Gerald Croft, mkwe mtarajiwa, kwamba uchumba huu una maana kubwa sana kwake. Unangoja aseme jambo kuhusu Sheila. Badala yake anatamani siku ambayo kampuni yake na ile ya kina Croft, ambazo sasa zinashindana, zitafanya kazi pamoja ili gharama zishuke na bei zipande. Binti mwenyewe amekaa hapo hapo. Nikaandika ukingoni mwa daftari: "Hii ni posa au mkataba?"

Swali hilo ndilo lililonifungulia mlango. Niliacha kumtafuta bepari kiwandani, mahali ambapo kila mtu anamtafuta, nikaanza na baba aliyekaa mezani. Kiwanda hatukioni kamwe jukwaani. Tunachokiona ni sebule ya kulia chakula, na mle ndani Birling anaendesha nyumba kwa kanuni zile zile anazoendeshea mitambo.

Kwanza ilinibidi nielewe fedha zake, maana nilikuwa nikizipita juu juu. Wasichana wa kiwandani walikuwa wakipata wastani wa shilingi 22 na peni 6 kwa wiki, nao waliomba wafike shilingi 25. Shilingi moja ya wakati huo ilikuwa na peni 12, kwa hiyo ugomvi wote ulikuwa wa shilingi mbili na nusu. Birling anasema kukubali kungeongeza gharama za kazi kwa karibu asilimia 12. Nilipopiga hesabu nilipata 11 na kidogo. Hata pale anapotaja namba, anaipandisha kuelekea upande unaomfaa. Wakagoma, njaa ikawarudisha, na akawapokea wote kwa malipo ya zamani isipokuwa viongozi wanne watano, Eva akiwamo. Na huyu Eva alikuwa mfanyakazi mzuri, aliyekuwa akifikiriwa kupandishwa ngazi asimamie kikundi kidogo. Mfanyabiashara anayejivunia kuwa na akili ya kazi anatupa mkono wake bora ili kutoa fundisho. Hapo ubinafsi wake ulipata sura ambayo neno "mbinafsi" lisingenipa.

Kisha nikaruka hadi sehemu ya tatu, alipo mwanawe Eric. Kijana amempa Eva mimba, akachota kiasi cha pauni 50 ofisini kwa baba ili kumsaidia. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, hivyo hizo ni shilingi 1,000, yaani zaidi ya wiki 44 za ule mshahara wa Eva. Birling anang'ang'ania suala la fedha tu: zilitokaje, na namna ya kulifunika jambo haraka. Anapouliza kwa nini mwanawe hakumwendea, Eric anamjibu kwamba yeye si aina ya baba ambaye mtoto humkimbilia akiwa na shida. Jibu hili nililisoma kwa sauti mara kadhaa. Na adhabu ambayo Birling anaitoa baadaye? Utafanya kazi bila malipo hadi kila peni irudi. Alichowafanyia wagomaji anamfanyia mwanawe wa kumzaa, tofauti ni kwamba mwana hawezi kufukuzwa.

Kuna mstari mmoja uliokuwa ukinivurugia hoja. Mambo yanapomzidi, Birling anamwambia Inspekta kwamba angetoa maelfu, naam, maelfu. Inspekta anamjibu kuwa anatoa fedha wakati usiofaa. Wenzangu wengi huuchukua mstari huu kama ushahidi wa mwisho dhidi yake. Mimi nadhani hapo ndipo alipo karibu zaidi na ubinadamu: ameumia kweli, ila lugha aliyonayo ya kuombea radhi ni ya daftari la mahesabu. Nililiacha hivyo kwenye insha, bila kulazimisha likae upande mmoja.

Kuhusu kinaya cha Titanic, ile meli ambayo Birling anaisifu kuwa haiwezi kuzama na sisi tunajua ilizama, sikutumia zaidi ya sentensi mbili, kwa sababu kila insha duniani inacho. Kilichonivutia zaidi ni kwamba utabiri wake wa amani anautoa mbele ya Eric, kijana wa miaka ya mwanzo ya ishirini, mwaka 1912. Watazamaji wa London walioiona tamthilia hii mwaka 1946 walijua vita vya 1914 vilichukua vijana wa rika gani. Baba anamwambia mwanawe asiwe na hofu.

Jambo dogo la mwisho nililipata kwenye maelekezo ya jukwaani, ambayo zamani nilikuwa nikiyaruka kama matangazo. Birling anawafundisha Eric na Gerald kwamba mwanamume lazima ajishughulishe na mambo yake, ajitunze yeye na walio wake, na kabla hajamaliza sentensi kengele ya mlango inalia. Ni Inspekta. Mwandishi hakumkosoa kwa hoja, alimkata kauli. Nikaanza insha yangu mpya na kengele hiyo, na nikaimalizia na simu ya mwisho wa tamthilia, inayolia wakati Birling, akiamini Inspekta alikuwa wa uongo, anawacheka wanawe kwamba hawajui mzaha. Anaipokea mwenyewe, anaambiwa kuna msichana amekufa na inspekta wa polisi yuko njiani, na kicheko kinamwishia mdomoni.

Katika insha hiyo ya pili neno "mbinafsi" lilitokea mara moja tu, kwenye kichwa, na hata hapo nilisita. Mwalimu aliirudisha akiwa ameandika pembeni maneno mawili: "Na mkewe?" Nimefungua daftari jipya, nanakili maneno ya Sybil Birling. Niko ukurasa wa pili, na naona mume alikuwa afadhali.