Barceloneta: Pipa la Dawa Ghafi na Mpaka wa Kwenye Daftari

Ukitoka San Juan, mji mkuu wa Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, kwa barabara ya PR-22 kuelekea magharibi, ukishaipita Bayamón na Dorado, vilima vya chokaa vinaanza kuchomoza kulia na kushoto. Ni vya duara, vimefunikwa miti hadi juu, na wenyeji wanaviita mogotes. Katikati ya vilima hivyo ndipo vilipo viwanda vingi vya dawa vya Puerto Rico: Vega Baja, Manatí, Barceloneta. Mimi ni mfamasia, mzaliwa wa Tanga, na kwa sasa nafanya kazi Marekani upande wa ununuzi wa malighafi za dawa. Majina ya miji hii nilikuwa nimeyazoea kwenye makaratasi. Kuiona kwa macho ni jambo jingine kabisa.

Ardhi hii zamani ilikuwa ya miwa na mananasi. Barceloneta mpaka leo inaitwa mji wa mananasi. Kiwanda cha dawa kinakunywa maji mengi, na maji mengi yapo chini ya chokaa hiyo. Kivutio kingine kilikuwa kodi. Kifungu cha 936 cha sheria ya kodi ya Marekani, cha mwaka 1976, kiliziondolea kampuni kodi ya shirikisho kwenye faida waliyoipata kisiwani. Bunge lilikifuta 1996, kikamalizika 2006, na baadhi ya viwanda vikafunga milango. Kwa vilivyobaki, kila nafuu ya ushuru ikawa na uzito wake. Mojawapo ya nafuu hizo ndiyo iliyonileta: eneo huru la biashara, yaani mahali ambapo bidhaa, kwa upande wa ushuru, huhesabiwa kuwa bado haijaingia nchini.

Mwenyeji wangu, mama wa makamo aliyefanya kazi ya forodha karibu maisha yake yote, alinipokea kwenye geti la kiwanda. Baada ya kuvaa koti jeupe, kofia ya nywele na vifuniko vya viatu, tuliingia ghalani. Nilitarajia kuona ukuta, au angalau mstari wa rangi sakafuni, unaotenganisha eneo huru na sehemu nyingine. Hakuna. Pale kuna pipa.

Lilikuwa pipa la karatasi ngumu, kimo cha kiuno, limefungwa kwa pete ya chuma yenye lakiri ya plastiki. Ndani, mifuko miwili ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine, na katikati yake unga mweupe: kiambato hai, yaani ile sehemu ya dawa inayotibu, kilichotoka ng'ambo ya bahari. Kwenye ubavu wa pipa kulikuwa na lebo mbili. Ya kwanza ilikuwa ya ubora, yenye namba ya toleo, yaani mkupuo mmoja wa uzalishaji, na tarehe ya kupimwa upya. Ya pili ilikuwa ya forodha. "Hii ndiyo mpaka," mwenyeji wangu aliniambia, akiigusa ile ya pili. Kisheria, kwa upande wa ushuru, unga ule ulikuwa bado haujaingia Marekani.

Sheria yenyewe ya maeneo huru ni ya Juni 1934, enzi za Rais Roosevelt, na uzalishaji ndani ya maeneo haya uliruhusiwa kwa marekebisho ya 1950. Eneo huru linalohusika hapa, Namba 7, lina makao yake Mayagüez, pwani ya magharibi, lakini kiwanda kilicho mbali kinaweza kusajiliwa kama tawi lake, na ndivyo ilivyo kwa viwanda vya dawa vya Barceloneta.

Faida yake inataka hesabu kidogo. Kwa makubaliano ya biashara ya mwaka 1994, dawa zilizokamilika huingia Marekani kwa ushuru wa kawaida wa asilimia sifuri. Viambato hai vilivyotajwa kwenye orodha ya makubaliano hayo navyo havitozwi. Lakini orodha ile mara ya mwisho ilihuishwa 2010. Molekuli iliyogunduliwa baadaye huhesabiwa kama kemikali tu, na kemikali za namna hiyo mara nyingi hutozwa asilimia 6.5. Kwa hiyo, kwa ushuru huo wa kawaida, anayeleta vidonge vilivyokwisha kutengenezwa halipi kitu, na anayeleta unga wa dola milioni moja ili avitengeneze hapa, awape watu wa hapa kazi, analipa dola 65,000. Eneo huru linaondoa uonevu huo: unga unageuka kidonge ndani ya eneo, na kinachotoka getini kinatozwa kama kidonge.

Kuna nafuu nyingine ambayo mfamasia yeyote ataielewa upesi. Toleo zima linaweza kufeli vipimo, likaharibiwa. Nje ya eneo huru, ushuru wa unga ule umeshalipwa. Ndani yake, forodha ikiridhika kwamba umeteketezwa, haudaiwi kitu. Ndiyo maana daftari linafuata kila kilo: iliyoingia, iliyopimwa, iliyobaki kwenye mashine, iliyochomwa. Mamlaka ya dawa nayo haijali habari za eneo huru. Masharti yake ni yale yale.

Kiwanda hicho kilikuwa kinajipanua, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Chumba kipya cha kukandamizia vidonge kilikuwa tayari, sakafu inang'aa, hewa inachujwa, lakini kwa upande wa forodha ni kama hakipo. Kupanua eneo huru ni kuongeza mistari kwenye kibali: dawa hii mpya, kiambato hiki kipya. Tangu kanuni zibadilishwe 2012, taarifa inapelekwa kwa bodi ambayo wajumbe wake ni mawaziri wa biashara na wa fedha. Inatangazwa kwenye gazeti la serikali, mwenye pingamizi anasema lake, na jibu linatarajiwa ndani ya siku 120. Kama malighafi imetoka China na iko kwenye ushuru wa adhabu ulioanza 2018, hiyo haiponi: inafungiwa kiwango chake siku ile inapoingia, hata ikigeuka kidonge. Nadhani ni haki. Mlango usiwe wa kupitishia kila kitu.

Wakati wa chakula, tostones (ndizi za kukaanga) na samaki, niliwaeleza wenyeji wangu habari za kwetu. Tanzania na Kenya zina maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje, na kwa miaka mingi masharti yake yamekuwa kuuza angalau asilimia 80 nje. Dawa nyingi zilizokamilika zinaingia bila ushuru wa forodha, huku wenye viwanda wetu kwa miaka mingi wakilalamikia kodi kwenye vifungashio na baadhi ya malighafi. Uonevu ni ule ule wa Marekani. Tofauti ni kwamba hapa dawa ya eneo huru inamfikia mgonjwa wa New York, lakini kwetu sharti lile kwa sehemu kubwa linamwacha nje mgonjwa wa Handeni. Mwenyeji wangu aliweka uma chini. "Sasa hilo eneo mnamjengea nani?" Sikuwa na jibu la kumridhisha, na swali hilo linaniudhi mpaka sasa.

Kesho yake tulipanda milima hadi Aibonito, mji wenye baridi ya Lushoto. Hapa, na Jayuya, na Guayama, Baxter, kampuni inayotengeneza dripu, ina viwanda vyake. Septemba 20, 2017, kimbunga Maria kilitua Yabucoa na kukata umeme kisiwa kizima. Mifuko midogo ya dripu ya maji ya chumvi ikaadimika hospitalini kote Marekani. Wauguzi wakawa wanasukuma dawa kwa sindano taratibu kwa mkono, na serikali ikaruhusu mifuko kutoka Ireland na Australia. Barabarani niliona jenereta kubwa kama makontena kwenye viwanja vya viwanda. Hakuna lebo ya forodha inayowasha taa. Kama ningeulizwa wapi pa kuanzia kupanua, ningesema umeme na ghala la akiba kwanza, kisha ushuru.

Zegereni, Kibaha, kuna kiwanda cha dripu pia. Nikienda nyumbani nitaomba kukitembelea, na maswali yangu nimeshayaandika: plastiki ya mifuko inatoka wapi, inatozwa kiasi gani bandarini, toleo likifeli nani anabeba hasara, na umeme ukikatika mashine zinasimama kwa muda gani.